Babu, Ijumaa siji

Nilipotea kidogo, testi zilinibana. Leo nawapa habari za kigari changu.

Ni modeli ya Datsun 240Z, gari aliloshinda nalo Shekhar Mehta Safari Rally mwaka 1973. Kipimo chake ni 1 kwa 24, urefu kama sentimita 17. Babu aliliona gari lenyewe enzi zile anafanya kazi Nairobi. Sasa macho yake hayaoni tena, lakini kaniambia, "Mjukuu wangu, niletee nilishike."

Nikapaka praima, nikasugua, nikaanza kupuliza nyekundu. Jamani, haraka! Nilitaka niwahi basi la Ijumaa, nikapuliza koti moja zito. Rangi ikachuruzika mlangoni, ikaganda. Rumumeti akasema, "Peleka tu, kwani babu anaona?"

Nilikaribia kumsikiliza. Halafu nikapitisha kidole pale mlangoni nikiwa nimefumba macho. Donge lote hili! Babu angeligundua kabla ya kitu kingine chochote.

Nikaacha rangi ikauke siku tatu, nikasawazisha kwa msasa wa maji namba 1000, nikaanza upya. Safari hii koti jepesi, nasubiri, koti jepesi jingine. Mvua ikinyesha sipulizi, unyevu unapausha rangi. Bado boneti nyeusi, kisha vanishi.

Basi la Ijumaa limeniacha. Nimempigia babu, kacheka: "Mimi nipo tu, we lipake vizuri."

Haya, ngoja nikasome saikolojia ya elimu. Tutaonana.