Nusu Kilo

Mama huweka risiti za chai kwenye kopo kuukuu la Kimbo, juu ya kabati, hapa kwetu karibu na Silibwet. Hajawahi kutupa hata moja. Nilikuwa nikimcheka: karatasi zote hizi za nini, na wino wenyewe umefifia?

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, nilirudi nyumbani na laptopu na aibu. Naandikia watu makala, na mara mojamoja napata kazi ndogo ya programu. Mwaka jana kikundi cha wakulima jirani kiliniomba daftari la kompyuta: uingize kilo, izidishe kwa bei, ionyeshe malipo ya mwezi.

Nikaliandika, pamoja na majaribio ya kulipima. Kilo 10 kwa shilingi 25, tarajia 250. Kilo 20, tarajia 500. Yote yakaja kijani. Nikajiona fundi.

Lakini namba hizo nilizitunga mwenyewe, na mtu akijitungia mtihani hapati sifuri. Kuna njia nyingine: unaitoa data nje ya jaribio, unaiweka kwenye faili. Kila mstari ni mfano mmoja: kilo, bei, jibu linalotarajiwa. Jaribio linabaki lile lile moja, linarudiwa kwa kila mstari. Kwenye JUnit 5, iliyotoka 2017, unaandika @CsvFileSource juu ya jaribio na kulitajia faili. Ukipata mfano mpya unaongeza mstari tu, programu huigusi.

Basi nikashusha kopo. Mama akasoma, nami nikaandika: 17.5. 8.5. 23. 12.5. Tulipofika kwenye safu ya majibu, uvivu ukaniingia. Nikamwambia, hii wacha programu yenyewe ijaze, tumalize haraka.

"Wewe nawe," akasema. "Kesi ya nyani unampelekea ngedere?"

Akachukua penseli akazidisha mwenyewe, nyuma ya kalenda, mstari baada ya mstari.

Nikaendesha majaribio. Nyekundu. Kila mstari wenye nusu ulikuwa umeanguka. Kilo 17.5 kwa 25, mama alipata 437.50, programu yangu ilipata 425. Kumbe nilikuwa nimezigeuza kilo kuwa namba nzima kabla ya kuzidisha, na kila nusu ikadondoka kimyakimya, bila hata onyo.

"Inasemaje?" mama akauliza.

Nilichelewa kumjibu. Karo yangu yote, tangu darasa la kwanza hadi pale ilipoisha, ilitoka kwenye kikapu chake, nusu kilo zikiwemo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikizimwaga.

"Inasema wewe uko sawa," nikamwambia.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja tu. Faili bado inakua. Jioni mama akitoka kituoni ananipa risiti kwanza, ndipo inaenda kwenye kopo.