Beni na Butembo: diploma iko sandukuni, kijana yuko barabarani
Kijana wa Butembo ao Beni akimaliza sekondari na kupata diploma ya serikali, mara nyingi kazi anayoikuta ni pikipiki. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018, wengi walipata kazi ya kupima watu joto na kuwanawisha mikono. Tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa ukatangazwa kwisha, na mishahara ikakatika. Mwenye akiba akanunua pikipiki. Aliyekula yote akarudi kwa wazazi. Yule aliyekimbia mauaji vijijini hana hata shamba la kurudia.

Wazazi, diploma ni nzuri, lakini peke yake haijazi sahani. Useremala na kushona visingoje diploma: mtoto ajifunze wakati wa likizo, angali shuleni.