Ulimi wa Asiyesema

Wahenga walinena kuwa mbwa hafi maji akiona ufuko. Hiyo ni hekima ya watu wa pwani. Sisi tuliolelewa Njoro, mbali na bahari, tumewaona mbwa wakifa kwa kukosa maji wala si kwa kuzama majini. Mbwa anayehara na kutapika hukaukiwa mwilini, na mara nyingi ukavu huo ndio humwua.

Eneo la Nakuru ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Chuo Kikuu cha Egerton chenyewe kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Hapa kwetu, ng'ombe akikataa nyasi usiku, daktari wa mifugo huitwa kabla ya jogoo kuwika. Mbwa amlindaye ng'ombe huyohuyo akihara, husemwa kuwa amekula uchafu wake, basi aachwe. Jina lake limekwisha kuwa tusi katika lugha yetu. Huenda ndiyo sababu maradhi yake hayatushtui.

Mama yangu hakuwa na mtazamo huo. Mbwa wetu, Simba, alipofukua mzoga wa kondoo na kurejea akihara, jirani mmoja alileta tembe za kutuliza maumivu. Mama alishukuru, akazikataa. Alifanya vyema, kwani ibuprofeni yaweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo, nayo parasetamoli yaweza kumharibu ini. Kwa kuwa Simba alikuwa mbwa mkubwa mwenye nguvu, alimnyima chakula kwa nusu siku, akimpa maji safi kidogo kidogo, mara kwa mara. Kisha alimpikia wali laini na nyama ya kuku isiyo na ngozi, bila chumvi, mafuta wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Asubuhi na jioni alimfunua mdomo kutazama kama ufizi ungali wa rangi ya waridi na wenye unyevu. Aidha, alimvuta ngozi ya mgongoni na kuiachilia. Ikirudi upesi, alijua maji yangalimo mwilini. Siku ya tatu Simba alibweka langoni.

Mwezi huohuo, kilebu wa jirani mwingine, mwenye umri wa miezi mitatu, alianza kuhara. Wenyewe wakaiga wali wa mama. Hata hivyo, choo chake kilikuwa na damu, naye alitapika hata maji. Daktari alipoitwa siku ya pili, alisema ni parvovirusi, ugonjwa uliotambuliwa duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, ambao huwavamia hasa vilebu wasiochanjwa. Usiku huo akafa. Chanjo yake huanza kilebu akiwa na wiki 6 hadi 8, nayo hurudiwa hadi wiki ya 16.

Wali ulikuwa uleule. Maradhi hayakuwa yaleyale. Tiba ya nyumbani ina mpaka: damu, kutapika kusikokoma, ufizi uliopauka, unyonge, kuhara kunakopita siku mbili, au umri mchanga. Hapo sufuria iepuliwe, daktari aitwe.

Husemwa kuwa mficha maradhi kilio humuumbua. Mbwa hafichi maradhi yake kwa hila. Hana tu maneno ya kuyaeleza. Amfugaye ndiye ulimi wake.