Stata Haikuwa na Kosa

Hapa Nakivale pikipiki ndiyo jembe langu. Nilinunua stata mbili kwa pesa ya posho ya watoto, bado ikawa inalia "tik" tu. Usiku mmoja jirani akashikwa na uchungu. Kiki ilishavunjika, nikasukuma mpaka mteremkoni. Mama yule akajifungulia njiani. Mungu saidia, wote wazima.

Asubuhi mzee mmoja fundi akapima betri: volti 12.6, nzuri. Akagusisha mita kwenye hasi ya betri na kwenye injini, akasema nibonyeze. Volti 3!

"Mwanangu, umeme unapotelea njiani."

Waya wa hasi ulikuwa na kutu chini ya bolti. Tukapiga msasa, tukakaza, ikawaka. Ndugu, pima kwanza ndiyo ununue.