Safari Yangu ya Kwanza Ngomeni

Kazi yangu ni kuratibu miradi ya maji vijijini mkoani Tanga. Niliposikia kwamba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, nilitamani kupaona mahali penyewe, Ngomeni. Nikafunga mzigo, nikavuka mpaka pale Horohoro, na baada ya kusukumana na umati wa kivuko cha Likoni, magharibi ikanikuta Mombasa.

Kesho yake matatu ilinishusha Malindi, na hapo nikapigwa na butwaa. Vijana wa ufukweni walikuwa wakiwaamkia wageni kwa Kiitaliano fasaha, kana kwamba wamezaliwa Roma! Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinikaribisha kwa mahamri na mbaazi, kisha akanieleza kwamba Waitaliano hawakufuata bahari peke yake. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alikuwa akitafuta mahali karibu na ikweta. Huko uso wa dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Tena mashariki ya Malindi ni bahari tupu. Vipande vikianguka, havimwangukii mtu.

Asubuhi iliyofuata tulipanda matatu hadi Gongoni, kisha bodaboda. Njiani tulipita mashamba ya chumvi, meupe hata yanaumiza macho. Moyoni nilitarajia minara na geti kubwa la jiji la sayansi. Ngomeni ikanipokea kwa harufu ya samaki, nyavu zilizoanikwa na watoto wakikimbizana mchangani. Kumbe madishi makubwa yalikuwa nyuma ya uzio, yameelekea juu, na kule baharini majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu yake majini. Nikamuuliza mwalimu: roketi zilipaa kutoka pale? Akaitikia, nami nikabaki nimekodoa macho.

Akanisimulia kwamba tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la San Marco ikiwa na setilaiti ya takriban kilo 140. Ikapewa jina Uhuru. Aliyeipa jina hilo ni Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA na meneja wa mradi wenyewe.

Hapo nilisogea karibu, maana huyo ni mtu wa kazi yangu. Setilaiti iliundwa na maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Vipima eksirei vilitoka kwa timu ya mwanasayansi Riccardo Giacconi huko Massachusetts. Roketi ilikuwa ya Marekani, warushaji Waitaliano, bahari ya Kenya. Kwetu, mwenyekiti wa kamati ya harusi hapiki pilau wala hapigi ngoma, lakini viti vikichelewa anatafutwa yeye. Townsend ndiye aliyebeba ratiba, fedha, majaribio na masikilizano ya watu hao wote, hadi siku ya kurusha.

Na matunda yalionekana. Hewa huizuia miale ya eksirei isitufikie, hivyo mtu wa ardhini haioni. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kutambua kwamba huenda pale pana shimo jeusi. Mwaka 2002 Giacconi alipata Tuzo ya Nobel. Mradi huohuo ulirusha setilaiti nyingine mbili kutoka San Marco, mwaka 1972 na 1975.

Roketi ya mwisho ilipaa mwaka 1988, ila madishi ya Malindi yaliendelea kupokea data, ikiwemo ya setilaiti ya Swift. Kenya nayo ilianzisha shirika lake la anga mwaka 2017, na mwaka 2023 setilaiti yake, Taifa-1, ilirushwa kutoka California.

Walimu na wazazi, mtoto anayejua kupanga watu, muda na fedha msimwambie kwamba anga ni ya mabingwa wa fizikia peke yao. Mwonyesheni Ngomeni, mumweleze kazi ya Marjorie Townsend, kisha mumsaidie asome. Miradi yetu ya anga itamhitaji.