Taa ziliwaka, sauti ikakatika

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliokimbia Lubunga tangu 2023, ninawaomba radhi. Juzi nilikuwa nasoma majina ya watoto wanaotafutwa na wazazi. Sauti ikakatika katikati ya orodha. Fundi aliyeweka waya wa mtandao, toka studio hadi mtambo wa kurushia, aliupima kwa kifaa cha taa 8. Zote ziliwaka, akasema kazi imekwisha. Kumbe taa zinaonyesha tu kwamba nyuzi 8 zimefika upande wa pili. Hazisemi kama sauti itafika nzima. Waya wetu wa shaba ulikuwa umepita mita 100, mpaka wake. Tumeupitisha njia fupi, ukapimwa kwa mashine, matokeo yakaandikwa. Leo jioni nitasoma majina yote, tangu la kwanza.