Kaimati za Baridi Mjini Rotterdam

Mwisho wa Desemba nilikwenda Uholanzi kumzuru dada yangu, ambaye amekaa Rotterdam tangu alipoolewa. Baridi ilipenya hadi mifupani, na Magharibi iliingia kabla ya saa kumi na moja jioni, hata nikadhani saa yangu imeharibika.

Siku ya Jumamosi nilifuatana na bintiye wa miaka 11 hadi soko la Binnenrotte, kando ya jengo la Markthal. Hapo niliisikia harufu ya unga wa hamira ukikaangwa, nikasimama. Kibandani, mama mmoja wa Kiholanzi alikuwa akichota unga laini na kuutumbukiza katika mafuta ya moto. Madonge yaliiva yakawa ya hudhurungi, kisha akayanyunyizia sukari ya unga. Huitwa oliebollen, yaani madonge ya mafuta; ni unga wa ngano, maziwa, mayai na hamira, mara nyingi pamoja na zabibu kavu, na Waholanzi huyala hasa wakati wa kuuaga mwaka.

Sikuagiza papo hapo. Wako wanaokaangia mafuta ya mnyama, na wako wanaoroweka zabibu katika ulevi. Nilimwomba mtoto aniulizie. Akainamisha kichwa. “Mamdogo, watu wanatungojea,” akaninong'oneza. Nikafahamu kuwa si foleni iliyomtia haya, bali ni kuonekana tofauti na wenziwe.

Sikumlazimisha, niliuliza mwenyewe kwa Kiingereza changu cha kubabaisha. Yule mama hakukunja uso. Alituonyesha mtungi wa mafuta ya alizeti, akasema zabibu zake huziroweka kwa maji tu, kisha akamwongezea mtoto donge moja la bure.

Tulikula tukiwa tumesimama, sukari ikinimwagikia buibui. Ndani yalikuwa laini kama kaimati, ila hayakuwa na iliki wala shira. Nikamsimulia jinsi marehemu bibi yake alivyokaanga kaimati kila Ramadhani, nyumbani kwetu Mji wa Kale, na kutupeleka kwa majirani na sahani kabla ya adhana. Alinisikiliza kimya, kwani hakuwahi kumwona.

Tulipokuwa tukirejea tulipita kwa muuza samaki wa kukaanga. Kabla sijafungua kinywa, mtoto alitangulia mbele, akauliza kwa Kiholanzi: “Mnakaangia mafuta gani?”